Tangazo nililosoma na bustani ya mama kandokando ya mto

Wasikilizaji wetu wengi wananijua kwa sauti tu. Mimi ndiye ninayewasomea matangazo ya saa kumi na mbili ya jioni: mbuzi aliyepotea, kikao cha wazazi shuleni, maiti inayofika kesho kutoka Goma, bei ya maharagi sokoni. Karatasi ikiletwa na muhuri wake, ninaisoma kama ilivyo. Hiyo ndiyo kazi.

Siku moja ya mwezi wa sita mwaka wa 2024 nilisoma tangazo la wakubwa wa eneo letu. Lilisema kila mtu anayelima kandokando ya mto, ndani ya mita 50 kutoka maji, aondoe mimea yake kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Atakayekaidi, mimea itang'olewa na atalipa faini. Mwishoni waliongeza kwamba wenye bustani wanaombwa kupanda miti mahali hapo. Nilisoma kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kihavu kama tulivyozoea, nikazima kipaza sauti.

Sijafika mlangoni, simu ikalia. Ni mama. Mimi nina jina la baba yake, kwa hiyo ananiita Papa.

"Papa, ile tangazo ulikuwa unasomea nani?"

Nikamwambia ni ya watu wote.

"Na miye niko mu ile watu wote?"

Bustani yake iko pale pale mtoni. Nilijua. Nimeota jua pale, nimelia pale, nimechotea maji pale. Lakini nilipokuwa mbele ya kipaza sauti haikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa ninawasomea "wakulima".

Mto wetu sitautaja jina. Bustani za ukingoni zinahesabika, na watu walioniambia maneno yao wangejulikana mara moja. Inatosha kusema ni mmoja wa mito ile mifupi inayoshuka kutoka milima ya Kalehe, inapita chini ya barabara ya taifa namba 2, inaingia ziwa Kivu. Wakati wa kiangazi mtoto anavuka bila kukunja kaptula. Mwezi wa nne unausikia ukiwa kitandani.

Kabla msomaji hajasema huyu mwandishi anamtetea mama yake, nieleze kwa nini tangazo lile nililisoma kwa sauti ngumu. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Mvua ikanyesha milimani, na mito ikashuka na matope, mawe na miti mizima juu ya Nyamukubi na juu ya Bushushu. Zaidi ya watu 400 walihesabiwa wamekufa, na wengine wengi hawakuonekana hata leo. Tarehe 8 nchi nzima ilikuwa katika maombolezo. Mimi nilifika kwa pikipiki mpaka pale ambapo barabara ilikatika, nikaendelea kwa miguu. Sitaeleza niliyoyaona, maana wenye watu wao wanasoma hapa. Nitasema tu kwamba kwa wiki nyingi kazi yangu ilikuwa kusoma majina. Familia zilileta vipande vya daftari: jina, umri, nguo aliyovaa. Kikwembe cha njano. Sweta ya shule. Kaptula ya buluu na shati la baba yake. Nilikuwa ninasoma majina ya watoto kwa sauti ile ile ninayosomea mbuzi, maana sikuwa na sauti nyingine.

Kwa hiyo mtu akisema tuache kando ya mto, mimi siwezi kumwita adui wa wakulima. Nilimwambia mama hivyo kwenye simu. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema nije Jumamosi, na nije na kamba.

Nilinunua kamba ya mita 10 sokoni. Tulikuwa watatu, mimi, mama na mtoto wa jirani wa kushika upande mwingine. Tukasimama ukingoni ili kuanza kupima, na hapo hapo tukakwama.

"Uanzie wapi?" mama akauliza. "Ku maji ya leo ao ku maji ya mwezi wa ine?"

Tangazo halikusema. Tukaanzia kwenye maji ya siku ile, yaliyo kidogo kabisa. Kamba ya kwanza ikamaliza vitunguu. Ya pili ikamaliza bustani yote pamoja na maharagi. Ya tatu ikavuka njia ya miguu na kuingia kwenye uwanja wa jirani. Ya ine, yaani ya nne, ikaanza kupanda mlima. Ya tano ilitufikisha katikati ya kahawa ya mtu mwingine, kwenye mtelemko ambao ukiulima mvua moja inakunyang'anya udongo wote. Sehemu yote ya tambarare, ile ambayo mwanamke mzee anaweza kulima bila kuteleza, iko ndani ya kamba. Ndani ya kamba tulihesabu pia nyumba nane na kanisa dogo la mbao. Hizo hazikutajwa. Tangazo lilisema mimea tu.

Kisha mama akanionyesha kitu ambacho sikukiuliza. Kati ya mto, maji yakizunguka pande zote, kuna jiwe pana. "Unaijua?" Nililijua. Ni jiwe la kufulia. Baba aliliweka kwenye nchi kavu nilipokuwa mtoto, hatua sita ama saba kutoka maji.

Mwaka nilioanza sekondari hapakuwa na bustani pale. Palikuwa na matete marefu kuliko mtu, na ndege wengi. Kulikuwa na vita, ng'ombe wetu wawili walikuwa wamechukuliwa, na minervali ilikuwa inangojewa. Baba aliyakata matete kwa siku nne na mupanga, akang'oa mizizi kwa jembe na kuichoma. Mama akapanda vitunguu, kabichi na tomati. Wakati wa kiangazi, mlimani kukiwa kukavu, pale mtoni udongo bado una maji, na tomati ya mwezi wa nane inauzwa bei nzuri. Diploma yangu ya Leta imetoka pale. Mafunzo ya uandishi wa habari, sehemu kubwa, yametoka pale. Na jiwe la kufulia liko katikati ya mto kwa sababu ile ile.

Mama hakatai. Hakuna mkulima niliyezungumza naye, na nilizungumza na zaidi ya ishirini kati ya mwezi wa sita na wa nane, aliyekataa kwamba ukingo usio na majani unaanguka. Wanaona kwa macho. Kila mwaka wanapoteza mstari mmoja wa vitunguu. Wengi waliniambia sheria ni nzuri. Wanapouliza, wanauliza mambo mengine, na la kwanza ni lile la miti.

Niliposoma sehemu ile ya kupanda miti, mama anasema alicheka peke yake jikoni. Shamba si letu. Ni la bwasa. Kwa wasomaji waliokimbilia kwetu kutoka mbali na wasiojua desturi ya hapa, nieleze kidogo. Kuna kalinzi, ambapo babu yako alitoa ng'ombe kwa mwenye nchi, na shamba linabaki la ukoo wako. Na kuna bwasa, ambapo unalipa ili kulima kwa msimu, basi. Kwenye bwasa unapanda maharagi, mahindi, mboga, vitu vinavyotoka haraka. Hupandi migomba, hupandi kahawa, hupandi mti. Kwa nini? Kwa sababu mti unakaa. Anayepanda mti anasema, bila kufungua kinywa, kwamba na yeye atakaa. Mwenye shamba akiona mche wa avoka kwenye bwasa yake, anaona mtu anayemwibia nchi. Sisi tunalipa bwasa pale miaka zaidi ya ishirini, na hatujawahi kupanda hata mpapai.

"Nikipanda muti," mama akasema, "watanifukuza ku mvua ingine. Nikikosa kupanda, wananifukuza ku mwezi wa kenda. Wewe mwenye ulisoma, niambie nifanye nini."

Katika bustani 31 nilizozihesabu kutoka daraja mpaka ziwani, 26 ni za bwasa. Wenye ardhi wanaoweza kupanda mti bila kuogopa mtu, wengi wanaishi Goma ama Bukavu. Tangazo halikuwataja. Na sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta, kwa hiyo yule mama mwenye jembe ana mabwana watatu: Leta, mwenye nchi wa desturi, na mwenye karatasi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja na mche.

Nilimtafuta agronomu wetu. Ni mtu mwema mwenye pikipiki isiyo na esansi. Alinitolea nakala ya sheria ya misitu, ile ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002, akaweka kidole kwenye kifungu cha 48. Inakatazwa kukata msitu mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Ni mistari michache tu. Akaniambia, soma vizuri, hii inasema usikate. Haisemi nini cha kufanya na mahali palipokatwa zamani, mahali penye mama na vitunguu vyake. Na akaongeza jambo ambalo wakulima wa bondeni wote waliniambia kabla yake: maji yanayoua hayaanzii kwenye vitunguu. Yanaanzia juu, ambako milima imebaki uchi kwa makala, kwa malisho na kwa mashamba ya mtelemko. Mifuko ya makala inapita barabarani kila asubuhi, imefungwa kwenye baiskeli na kwenye magari, na hakuna anayeipima kwa kamba. Nakiri kwamba na mimi nyumbani ninapikiwa kwa makala.

Mzee mmoja aliyezaliwa wakati wa Wabelgiji alinipeleka kwenye jambo la zamani zaidi. Anakumbuka mistari ya majani ambayo wazungu waliwalazimisha watu kupanda milimani ili udongo usishuke. Asiyepanda alipigwa fimbo, ama alifungwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, watu waling'oa mistari ile wakiimba. Na yeye alikuwepo, kijana, aling'oa. "Ile majani haikukuwa mubaya," akasema. "Tuliichukia juu ya fimbo." Hakusema zaidi, akarudi kwenye kazi yake ya kusuka kitunga.

Si wote walikuwa upande wa mama. Kuna mwanamke mmoja anayeishi sasa kwa kaka yake, si mbali na daraja letu. Alikuwa Nyamukubi ile Alhamisi. Watoto wake wawili ni kati ya majina niliyosoma, na alinikumbusha, maana mimi sikukumbuka. Nilimweleza habari za kamba na bwasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema waing'oe yote. Nyumba, bustani, kanisa, yote. Hata ya mama yako. Nilifunga daftari. Mpaka leo sina jibu langu kwake, na sitaki kujifanya ninalo.

Mwingine ni mama mkimbizi wa vita, tunaowaita hapa deplase, aliyetoka upande wa Masisi mwanzoni mwa mwaka, wakati watu walipojaa Minova na vijiji vyetu vyote. Ana watoto watano na kipande cha mchanga chini ya daraja, hatua tatu kutoka maji. Pale hakuna bwasa, kwa sababu hakuna mwenye kudai mchanga ambao mto utauchukua. Alipanda lengalenga. Wiki tatu, nne, unachuma, unauza, unanunua unga. Nilimuuliza kama haogopi maji. Akaniangalia kama mtu ambaye hajaelewa swali. "Niliacha hekta moja ya maharagi ku vita," akasema. "Hapa maji ikibeba, imebeba wiki tatu." Halafu akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama wakubwa walisema ni fasi gani atakwenda kupanda. Nikamjibu hawakusema.

Mwezi wa saba mtu mwenye daftari alipita bustani kwa bustani. Alisema ameagizwa, hakusema na nani. Aliandika majina na kuchukua franka 5,000 kwa kila bustani ili "faini isije kuwa kubwa". Hakutoa risiti. Mama alilipa na hakuniambia, nilisikia kwa jirani. Nilipomuuliza akasema hakutaka nigombane na watu juu ya franka 5,000. Basi nawaambia ninyi wote mnaolima ukingoni: anayeomba faini aonyeshe karatasi yake na atoe risiti yenye muhuri. Asiye na hivyo viwili, mwambie arudi navyo.

Mwezi wa nane radio ilinipa saa moja ya maneno ya wasikilizaji kwa simu. Wengi walipiga. Mmoja alitaka mto uchimbwe uwe wa kina. Mwingine akajibu kwamba wanaochimba mchanga wa kuuza ndio wanaouharibu. Kijana mmoja mchimba mchanga akapiga kukasirika, akakata simu kabla hajamaliza. Agronomu alikuwa studio pamoja nami na alisema jambo moja ambalo nililishika. Matete, na yale majani mapana ya mifugo tunayoita tripsakumu, yanashika ukingo vizuri, na si mti. Mbuzi anakula. Mwenye shamba hawezi kusema umepanda mti.

Usiku ule nikampigia mwenye shamba letu huko Goma. Ni mtu mzima, nilimwita papa, nilimsalimu kwanza na habari za familia. Nilimweleza polepole. Akauliza mara mbili kama ni majani kweli. Mwisho akasema: majani sawa, mianzi hapana, maana mianzi inakaa. Nikamshukuru. Nilikuwa nimetaka mianzi kwenye kona ile ambapo mto unapinda, lakini sikuendelea kusukuma.

Tukaacha hatua 12 kutoka maji. Mama alihama na vitunguu juu ya njia, na maharagi akayapunguza nusu. Mbegu za matete tulizipata kwa jirani wa ng'ambo ambaye hakuwahi kuyakata yake, na ambaye, kusema kweli, alifurahi sana kutuona tukiomba. Tulipanda mistari mitatu. Baba aliyakata kwa siku nne. Kuyarudisha kulitumaliza wiki mbili, na mbuzi wa watu walikula mstari mmoja mara mbili. Wengine saba jirani na mama wamefanya vilevile. Hatua 12 si mita 50. Agronomu anasema ni mwanzo. Yule mama wa Nyamukubi alipita, akatazama, hakusema kitu.

Mwisho wa mwezi wa tisa watu walikuja kung'oa. Waling'oa karibu na daraja, pale panapoonekana kutoka barabarani, bustani tatu na kile kipande cha lengalenga kwenye mchanga. Hawakushuka mpaka kwa mama, njia ya kule ni mbaya wakati wa matope. Jioni ikaletwa karatasi ya kushukuru raia kwa kutii agizo. Ina muhuri. Nilimwomba mkubwa wangu niongeze sentensi moja, kwamba wenye ardhi nao waitwe na wapande miti. Akaniambia tangazo haliongezwi, na ana haki. Lakini baada ya matangazo kuna habari, na habari ni yangu. Nilisoma karatasi kama ilivyo, kisha nikatoa habari ya dakika mbili: bustani zilizong'olewa ni ngapi, ni za nani kwa maana ya bwasa ama kalinzi, na mama mwenye watoto watano ambaye hajaonyeshwa fasi nyingine. Siku mbili baadaye mwanamke wa kikundi cha akina mama cha kanisa alinipigia kusema wana kipande cha mlima wasichokilima, kina mawe, lakini si cha bwasa. Wamempa mpaka mavuno ya maharagi. Mawe yapo kweli, nimeyaona.

Sasa tuko mwezi wa kumi na mvua imekolea. Kila ikinyesha usiku, mama ananipigia asubuhi kabla sijatoka, ananieleza maji yamefika wapi, kama vile mimi ninavyowaeleza ninyi bei ya maharagi. Jana ilinyesha tangu saa tatu mpaka usiku wa manane. Saa kumi na moja simu ikalia. Mstari wa kwanza wa matete umekwenda, akasema. Wa pili umelala lakini umeshika. Anauliza kama Jumamosi nitakuja na mupanga, tukakate mbegu nyingine ng'ambo kabla jirani hajawapa mbuzi.